Bei ya Mahindi, Ngano na Mchele Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wauzaji wa nafaka wa Kongowea na Marikiti, wenye viwanda vidogo vya mikate, wapishi wa shughuli, wasimamizi wa maghala, na familia zinazonunua chakula cha mwezi kwa mkupuo. Maswali ya msingi yametangulia, na yale yanayohusu hali za pekee yamewekwa mwishoni.

## Mambo ya msingi

1. Je, bei ya nafaka Mombasa huamuliwa wapi?

Mahindi, ngano na mchele huuzwa katika duka moja, na pengine na mtu yule yule, lakini kila moja hufuata njia yake. Bei ya mahindi hutegemea mvua za Afrika Mashariki na hali ya mipaka. Bei ya ngano hutegemea masoko ya dunia, nauli ya meli na thamani ya shilingi. Bei ya mchele hutegemea kwa kiasi kikubwa maamuzi ya serikali chache za Asia, India ikiwa mbele yao.

Kwa hiyo anayeuliza kama nafaka zitapanda bei anapaswa kwanza kusema ni nafaka gani na kwa mwezi gani. Tunaona mara kwa mara mtu akisikia habari za vita vya Bahari Nyeusi, kati ya Urusi na Ukraine, kisha anakimbilia kuweka magunia ya mahindi meupe, ilhali mahindi hayo yanatoka Tanzania au Trans Nzoia. Athari ya vita hivyo ipo, kwa kuwa bei ya mbolea na ya mafuta hupanda, lakini huchukua msimu mzima kufika kwenye mahindi yetu, na huenda mvua ikaifunika kabisa.

2. Kenya huzalisha sehemu gani ya nafaka inazokula?

Kwa mahindi, nchi hukaribia kujitosheleza mwaka wa mvua nzuri na hupungukiwa sana mwaka wa ukame. Baada ya misimu mitano mfululizo ya mvua hafifu iliyoanza mwishoni mwa 2020, mavuno ya 2022 yalikuwa takriban magunia milioni 34 ya kilo 90. Mwaka 2023, mvua ziliporudi na mbolea ya ruzuku kuwafikia wakulima, yalipanda hadi takriban milioni 47. Tofauti hiyo ya mwaka mmoja ndiyo inayoyumbisha bei.

Kwa ngano, hali ni nyingine kabisa. Mashamba ya Narok, Nakuru, Uasin Gishu na Meru hutoa sehemu ndogo tu ya matumizi ya nchi, ambayo yanazidi tani milioni mbili kwa mwaka, na sehemu kubwa iliyobaki hushushwa Kilindini. Kwa mchele, Mwea ndiyo tegemeo la nchi, lakini hata pamoja na skimu nyingine, zikiwemo za Bura na Hola kando ya Mto Tana, mchele mwingi unaopikwa Kenya umetoka nje.

3. Kwa nini wanunuzi wakubwa huangalia akiba kuliko mavuno?

Kwa sababu mavuno yakiwa makubwa na matumizi yakawa makubwa zaidi, bei itapanda hata kama magazeti yameandika kwamba mwaka ni wa neema. Kinachotazamwa ni kiasi kinachobaki ghalani kabla ya mavuno mapya kuingia, kikilinganishwa na matumizi ya mwaka mzima. Akiba ikiwa nyembamba, habari ndogo ya ukame hutikisa soko. Ikiwa nene, habari hiyo hiyo hupita bila kishindo.

Dunia huvuna takriban tani bilioni 1.2 za mahindi, tani milioni 800 za ngano na zaidi ya tani milioni 500 za mchele uliokobolewa kila mwaka. Hata hivyo, takriban nusu ya akiba yote ya ngano, na zaidi ya nusu ya ile ya mahindi, imo China, na nafaka hiyo haitoki kwenda kuuzwa kwingine. Anayesoma taarifa za akiba ya dunia aiondoe China kwanza, ndipo ataona ni kiasi gani kinachoweza kweli kupakiwa melini.

Jambo la pili ni ukubwa wa biashara yenyewe. Takriban robo ya ngano ya dunia huvuka mipaka, lakini kwa mchele ni kama sehemu moja kwa kumi, kwa kuwa nchi nyingi zinazoulima huula wenyewe. Soko dogo kiasi hicho hushtuka upesi, na mfano wake umo katika swali la 11.

4. Ninabadilishaje bei ya busheli kuwa shilingi kwa kilo?

Busheli ni kipimo cha nafaka kinachotumika Marekani: moja ya ngano ni kilo 27.2, na ya mahindi ni kilo 25.4. Kwa hiyo tani moja ya ngano ina busheli 36.74, na tani ya mahindi ina 39.37. Tuseme, kwa mfano tu, ngano inauzwa katika soko la nafaka la Chicago, Marekani, kwa dola 6 kwa busheli: hiyo ni takriban dola 220 kwa tani. Dola ikiwa shilingi 130, kilo moja ni shilingi 28.70 kabla ya nauli, bima, ushuru, gharama za kushusha na usagaji. Dola ikiwa shilingi 160, ngano ile ile inakuwa shilingi 35.30 kwa kilo.

Mfano huo haukuchaguliwa ovyo. Mwezi wa Januari 2024 dola ilifika takriban shilingi 160, na katikati ya mwaka huo ilikuwa imerudi karibu na 130. Mwenye kiwanda cha mikate aliyekuwa akitazama bei ya Chicago peke yake hakuiona nusu ya habari iliyomhusu.

## Mahindi

5. Ni miezi gani mahindi huwa ghali, na miezi gani huwa rahisi?

Mahindi ya Bonde la Ufa la kaskazini, yaani Trans Nzoia, Uasin Gishu na jirani zao, hupandwa masika yanapoanza na huvunwa kuanzia Oktoba hadi Januari. Nyanda za juu kusini mwa Tanzania, kuanzia Iringa na Mbeya hadi Ruvuma na Rukwa, huvuna zaidi kati ya Mei na Julai. Uganda ina misimu miwili, na mavuno ya kwanza huingia sokoni karibu na Juni na Julai. Mashamba ya Kwale na Kilifi hutoa mahindi yake baada ya masika, lakini ni machache na mengi huliwa nyumbani.

Ukiziweka ratiba hizo pamoja, utaona kwamba miezi migumu huwa kuanzia Machi hadi Juni, maghala ya bara yanapokuwa yamepungua na mahindi ya Tanzania hayajakauka. Nafuu ya kwanza Mombasa huja kutoka kusini, kupitia Lunga Lunga, Taveta na Namanga, na nafuu kubwa ya nchi nzima huja mwisho wa mwaka. Mwaka ambao nafuu ya kusini haikuja, Pwani ndiyo huumia mapema zaidi.

6. Mbona mavuno mazuri ya Kitale hayashushi bei ya sima Mombasa mara moja?

Kati ya Kitale na Mombasa kuna zaidi ya kilomita 800, na katikati yake kuna Eldoret, Nakuru na Nairobi, penye viwanda vikubwa vya kusaga vinavyonunua kwa malori mengi kwa siku. Mahindi hayafiki Kongowea mpaka njaa ya viwanda hivyo itulie, au bei ya huku iwe juu kiasi cha kulipa dizeli ya safari yote. Isitoshe, mahindi ya kwanza ya Oktoba huwa mabichi, na mkulima mwenye subira huyakausha na kusubiri. Mwaka ambao Serikali imetangaza bei ya kununulia kupitia Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao, kama ile ya shilingi 4,000 kwa gunia mwaka 2023, wakulima huishikilia bei hiyo kama sakafu hata kabla Bodi haijanunua gunia la kwanza.

7. Mpaka ukifungwa au kibali kikicheleweshwa, bei huathirika kwa haraka gani?

Kwa siku chache, na kwa Pwani ni upesi kuliko bara. Mwezi wa Machi 2021, mamlaka ya kilimo ya Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka (aflatoxin). Zuio liliondolewa baada ya siku chache, lakini kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Mwaka 2023, Tanzania nayo ilikaza utaratibu wa vibali vya kusafirisha nafaka nje, malori yakakwama mipakani.

Masharti ya afya ni ya haki. Mwaka 2004, sumukuvu iliua watu 125 katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake, na hakuna nafuu ya bei inayostahili kulipiwa kwa maisha ya watu. Lakini amri ya ghafla bila notisi humwadhibu mchuuzi mwenye gunia kumi sawasawa na mwenye meli, na tunaamini kwamba kupima mpakani kila siku kungelinda walaji vizuri zaidi kuliko kufunga na kufungua.

8. Bei ya mahindi imeshuka. Kwa nini paketi ya unga haijashuka?

Tuchukue gunia la kilo 90 lililonunuliwa kwa shilingi 4,000. Kiwanda kinachotoa unga mweupe wa daraja la kwanza hupata humo takriban kilo 60 za unga, yaani paketi 30 za kilo mbili. Iliyobaki ni pumba na kiini, ambavyo huuzwa kwa watengenezaji wa chakula cha mifugo. Mahindi peke yake, basi, ni takriban shilingi 133 kwa kila paketi. Mapato ya pumba hupunguza gharama hiyo, huku umeme, karatasi, virutubisho vinavyolazimishwa na sheria, usafiri na faida ya muuza duka vikiiongeza.

Gunia likishuka kwa shilingi 300, mahindi ya paketi moja yameshuka kwa shilingi 10 tu, na msagaji bado ana mahindi ya bei ya zamani ghalani. Ndiyo maana unga huchelewa kushuka kwa wiki kadhaa. Anayeishi karibu na kisiagi na kununua mahindi kwa kibaba huiona nafuu mapema, na dona anayopata ni unga wa punje nzima, si wa theluthi mbili. Hiyo ndiyo njia tunayoipendekeza kwa familia kubwa, mradi mahindi yawe makavu na safi (tazama swali la 15).

Njia ya ruzuku ilijaribiwa Julai 2022, paketi ya kilo mbili ilipowekwa shilingi 100 wakati bei ya soko ilikuwa imepita 200. Katika maduka mengi unga huo ulikwisha rafuni upesi, na mpango wenyewe ulisitishwa baadaye mwaka huo. Serikali iliyofuata iliupeleka mkazo kwenye ruzuku ya mbolea, ambayo matokeo yake huchukua msimu kuonekana.

## Ngano na bandari

9. Kwa nini vita na ukame wa mbali hugusa mkate wa Mombasa?

Kwa sababu ngano yetu nyingi hufika kwa meli kama shehena kichele, isiyotiwa maguniani, na Urusi na Ukraine zimekuwa miongoni mwa wauzaji wakuu. Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, ngano ya Chicago ilivuka dola 13 kwa busheli, na kipimo cha bei za vyakula cha Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, kilifika kiwango cha juu kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa hadi wakati huo. Mkataba wa Istanbul wa Julai 2022 uliruhusu meli kutoka bandari za Ukraine, na takriban tani milioni 33 zilipita kabla ya Urusi kujitoa Julai 2023. Wengi walitarajia bei ipande tena siku hiyo na kubaki juu. Haikuwa hivyo, kwa sababu Urusi yenyewe ilikuwa na mavuno makubwa ya kuuza.

Njia ya meli nayo ina bei yake. Ngano ya Bahari Nyeusi hupita Suez na Bahari ya Shamu. Tangu mashambulizi ya Wahouthi dhidi ya meli yalipoanza Novemba 2023, kampuni nyingi zilizizungusha meli zao kupitia Rasi ya Tumaini Jema, safari ikarefuka kwa siku nyingi, na bima ya zilizothubutu kupita ikapanda.

10. Ushuru wa forodha unaongeza kiasi gani?

Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 35 kwa ngano, asilimia 50 kwa mahindi na asilimia 75 kwa mchele unaotoka nje ya Jumuiya. Kenya, hata hivyo, imekuwa ikipata ruhusa ya kutoza asilimia 10 kwa ngano inayoagizwa na wasagaji, kwa sharti kwamba wanunue kwanza ngano ya wakulima wa nyumbani, na asilimia 35 kwa mchele au dola 200 kwa tani, kulingana na kipi kilicho kikubwa. Ruhusa hizi hutangazwa upya kila mwaka wa bajeti, kwa hiyo mwezi wa Juni si wa kupuuzwa na mwenye kandarasi ndefu. Nafaka inayozalishwa ndani ya Jumuiya haitozwi ushuru huo.

Kile kiwango cha dola 200 kina athari ambayo wengi hawaioni: mchele wa dunia unaposhuka bei, ushuru haushuki nao, hivyo sehemu ya nafuu huishia forodhani.

## Mchele

11. Kwa nini India ikinong'ona, Mombasa husikia?

India ndiyo muuzaji mkubwa kuliko wote wa mchele duniani. Tarehe 20 Julai 2023 ilizuia uuzaji wa mchele mweupe usio basmati, ikihofia bei ya nyumbani, na bei za Thailand, Vietnam na Pakistan zikapanda kwa sababu wanunuzi wote walihamia huko. Zuio hilo liliondolewa Septemba 2024. Kufikia 2025, India ikiwa imerudi na maghala yaliyojaa, mchele wa dunia ulikuwa umeshuka hadi viwango ambavyo havikuonekana kwa miaka kadhaa.

Mombasa ni mji wa wali, kwa hiyo mtikisiko huo haubaki kwenye takwimu: mama anayepika biriani ya shughuli hulazimika kubadilisha aina ya mchele, au kuongeza bei kwa wateja ambao tayari walikwisha kulipa arubuni.

12. Mchele wa nje umeshuka. Mbona pishori ya Mwea na mchele wa Mbeya haujashuka?

Walaji wake hawaubadilishi kirahisi. Mchele wenye harufu nzuri una soko lake, huvunwa kwa msimu wake, na hauna mbadala wa karibu kwa pilau ya wageni. Bei yake hufuata mavuno ya Mwea, ya Mbeya na ya Kyela zaidi kuliko bei ya Bangkok. Mtu anayeuziwa pishori kwa bei ya mchele wa Asia ajue kwamba pengine amechanganyiwa.

## Mwelekeo

13. Bei zitaelekea wapi?

Mavuno ya dunia ya 2025 yalikuwa makubwa sana: mahindi ya Marekani yalivunja rekodi, India ilivuna mchele kwa wingi, na wauzaji wakuu wa ngano hawakuwa na upungufu. Kwa ngano na mchele, basi, hatuoni sababu ya mashambani ya kupandisha bei kwa kishindo. Hatari iliyopo ni shilingi kudhoofika, njia ya bahari kuharibika, au serikali fulani kufunga mauzo ya nje. Mojawapo ya hayo ikitokea, usisubiri taarifa za mavuno.

Kwa mahindi meupe, wingi wa dunia hautusaidii sana, kwa sababu mahindi mengi ya Marekani na ya Amerika Kusini ni ya manjano na yamebadilishwa vinasaba. Baraza la Mawaziri liliondoa marufuku ya mazao hayo Oktoba 2022, lakini kesi mahakamani zimezuia utekelezaji. Mahindi meupe ya kuagizwa hupatikana katika nchi chache, hasa za kusini mwa Afrika. Kwa maoni yetu, hatari kubwa zaidi kwa meza ya Mombasa ni msimu mbaya wa Bonde la Ufa ukikutana na mpaka mgumu wa Tanzania.

14. El Niño na La Niña zisomwe vipi?

La Niña, yaani maji ya Bahari ya Pasifiki yanapopoa, kwa kawaida hupunguza mvua za vuli, na El Niño, yanapopata joto, huziongeza. Ukambani hutegemea vuli kwa mavuno yake makuu, lakini Trans Nzoia hutegemea mvua za Machi hadi Septemba, hivyo utabiri mmoja haufai kwa wote. El Niño ina hatari mbili zisizosemwa sana. Kwanza, mvua yake hunyesha wakati wa kuvuna bara, mahindi yakalowa na sumukuvu ikapata nafasi. Pili, hukausha kusini mwa Afrika. Mwaka 2024 Zambia na Malawi zilitangaza hali ya janga kwa sababu ya ukame, zikaanza kutafuta mahindi Tanzania, yale yale ambayo sisi hutarajia yapite Lunga Lunga. Anayefuatilia bei ya Mombasa asome pia habari za mvua za Lusaka na Lilongwe.

Utabiri wa msimu hutolewa na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya na kituo cha kikanda cha ICPAC. Kwa soko la dunia, Wizara ya Kilimo ya Marekani na FAO hutoa taarifa zao kila mwezi.

## Hali za pekee

15. Je, ninunue magunia wakati wa mavuno niyaweke Mombasa nisubiri bei?

Faida ipo kwenye karatasi, lakini joto na unyevu wa Pwani huila. Mahindi ya kuhifadhiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Kama huna kipimo, weka chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tia punje hadi theluthi moja, tikisa na uache dakika kumi na tano: chumvi ikishika ukutani mwa chupa, mahindi ni mabichi. Isiposhika, unyevu uko chini ya takriban asilimia 15, kiwango ambacho bado hakitoshi kwa ghala la huku, kwa hiyo yaanike tena kwenye turubai, si ardhini.

Adui wa pili ni dumuzi, mdudu aliyeingia Kenya kupitia Taveta mwanzoni mwa miaka ya 1980 na anayeweza kuligeuza gunia kuwa vumbi kwa miezi michache. Mifuko isiyopitisha hewa humzuia ikifungwa vizuri. Vidonge vya kufukiza visitumike kabisa kwenye nyumba inayolaliwa watu, kwa kuwa gesi yake huua. Wenye kiasi kikubwa wafikirie ghala lililosajiliwa chini ya Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya 2019, ambako stakabadhi yenyewe inaweza kuwa dhamana ya mkopo.

16. Serikali imetangaza dirisha la kuagiza bila ushuru. Niuze haraka nilichonacho?

Soma tangazo la gazeti rasmi, si kichwa cha habari: angalia tani, daraja, tarehe ya mwisho na nani anaruhusiwa. Meli huchukua wiki nyingi kuanzia kandarasi hadi kushusha, na matangazo mengine hupingwa mahakamani, kama lilivyopingwa lile la tani 500,000 za mchele la Julai 2025. Bei hushuka kidogo kwa uvumi, hurudi shehena ikichelewa, kisha hushuka kweli ikifika. Mwenye mzigo mdogo na deni la benki auze sehemu yake mapema. Asiye na deni ana nafasi ya kungoja.

17. Ramadhani hubadilisha nini?

Mombasa, mahitaji ya unga wa ngano kwa mahamri, kaimati na sambusa, pamoja na mchele na sukari, hupanda kuanzia wiki mbili kabla ya mwandamo wa mwezi. Sima haiongezeki kwa kiasi hicho. Kwa kuwa mwezi mtukufu husogea nyuma kwa takriban siku kumi na moja kila mwaka, usitumie mauzo ya mwezi ule ule wa mwaka jana kukadiria ya mwaka huu. Hesabu kwa kalenda ya Kiislamu, na uagize ngano na mchele wako katikati ya Shaabani au kabla yake, kwa sababu maghala ya jumla huishiwa na aina za bei ya kati kwanza.